Canon 10-18mm: lenzi inayotaka upige magoti

Kama unatafuta lenzi ya kupigia mandhari ya Irente, ule ukingo wa mwamba ambako kila anayefika Lushoto lazima apigwe picha akiwa amenyoosha mikono, usinunue hii. Nalisema mapema ili asije mtu akadai nimemwingiza mjini. Mwenyewe naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa pesa yangu, cherehani tu ndiyo inaitangulia. Ila nimeona watu wakiinunua kwa kazi isiyo yake, picha zinawachukiza, lawama inaiangukia lenzi.

Jina lake kamili ni Canon EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM. Milimita zikiwa chache, lenzi inaona pana zaidi. Ilitangazwa mwaka 2014 kwa bei ya dola 299 za Marekani, na hapo ndipo gumzo lilipoanzia, maana kabla yake mtu wa Canon aliyetaka lenzi pana kiasi hiki alikuwa na ile 10-22mm ya mwaka 2004, nzuri lakini ghali kweli kweli. Hizo herufi EF-S zina maana kubwa kwa mnunuzi. Lenzi hii inaingia kwenye kamera za Canon zenye kioo ndani (DSLR) na kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea picha: 700D kama yangu, 1300D, 80D, 90D na ndugu zake. Kwenye 6D au 5D, zenye kihisi kikubwa, haiingii. Kwenye hizi kamera mpya za R, zisizo na kioo ndani, utahitaji adapta, na ukiifunga kwenye R yenye kihisi kikubwa, kamera itakata picha kingo zote iwe ndogo. Ndiyo sababu zilizotumika zimejaa sokoni: mpiga picha wa harusi akishahamia kwenye kihisi kikubwa, hii inabaki kabatini haina kazi.

Yangu ilitoka kwenye kabati la namna hiyo, Tanga mjini, kwa mtu wa harusi aliyehama. Laki nne, na filta moja juu yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona Lushoto, magauni na sare za shule, na picha ni za kufurahisha moyo tu. Siuzi, sipigi harusi, na ukija na shida ya picha ya pasipoti nitakuelekeza kwa wenye studio. Jumapili nikishafunga kazi zangu, na Jumatatu mchana zile wiki ambazo shule zimefungwa na sare hazina haraka, nachukua bodaboda hadi mahali lami inapoishia, nashuka, natembea. Wateja wangu wanajua. Mmoja aliwahi kuja kuchukua gauni akakuta nimefunga, akapiga simu, "Dada fundi, uko porini tena?" Niko porini tena.

Sasa turudi Irente, nieleze kwa nini nimeanza na katazo.

Ukisimama pale saa kumi na moja jioni, chini yako kuna tambarare ya Mazinde: mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari, barabara ya kwenda Same na Moshi, reli, na nyuma yake nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Moyo unakuambia, mandhari kubwa inataka lenzi pana. Unaweka milimita 10, unabonyeza. Nyumbani unafungua picha na kukuta ukanda mwembamba wa kijivu katikati, mbingu nusu nzima juu, na majani makavu ya ukingoni yamejaa chini. Mkonge hauonekani ni mkonge. Barabara imepotea. Lenzi imefanya kazi yake sawasawa, kwa kuwa upana wake wa nyuzi 107 kutoka pembe hadi pembe unasukuma kila kilicho mbali kiende mbali zaidi. Lenzi ndogo inayokuja na kamera, 18-55, inaishia nyuzi 74 ikiwa pana kabisa, na kwa pale Irente hata hizo nyuzi 74 ni nyingi. Mimi Irente napiga na hiyo hiyo 18-55 nikiwa nimeivuta mpaka 55, kipande kimoja cha tambarare kwa wakati, wingu linapotupa kivuli juu ya mkonge. Au nasimamisha kamera wima nikiwa kwenye 35, napiga picha kadhaa nikigeuka kidogo kidogo, halafu naziunganisha kwenye kompyuta. Hapo ukuu wa pale unabaki.

Nimewahi kubishana na kijana mmoja wa kuongoza watalii kuhusu hili. Yeye anashikilia kwamba lenzi pana ndiyo ya milima. Nikamwambia ni ya milima ukiwa umekaa ndani ya mlima.

Ndani ya mlima, kwa maana yangu, ni Magamba.

Msitu wa Magamba uko juu ya Lushoto, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia kuna kiingilio, kwa hiyo pitia getini kwanza. Ukiingia asubuhi ukungu unakuwa bado umelala. Kuna miti mikubwa ya mikulo iliyovikwa kuvumwani, mizizi imetambaa juu ya njia, na mbega wanaruka juu ya kichwa bila kukujali. Mbega wasahau, kwa lenzi hii watakuwa vidoa viwili vyeupe. Wewe tazama chini.

Huko ndani 18-55 ilinitesa. Miti ni mirefu na njia ni nyembamba, ukirudi nyuma ili mti uingie wote unagonga mti mwingine. Ukiwa na 10mm unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwenye shina na bado likaingia lote, kuanzia mizizi mpaka pale matawi yanapoanza kufunga mwanga. Lakini usisimame. Piga magoti, au lala kabisa kifudifudi kama una nguo ya kuchafua. Weka lenzi shubiri moja kutoka kwenye mzizi mmoja wenye umbo zuri. Huo mzizi sasa unakuwa mkubwa, unajaza sehemu ya chini ya picha, na unamwongoza mtazamaji kuingia msituni mpaka kwenye ukungu. Kitu kidogo kilicho karibu kinapewa ukubwa, kile kikubwa kilicho mbali kinarudi nyuma na kuwa mazingira yake. Lenzi hii ndiyo kazi yake. Pasipo kitu cha karibu, picha yake ni tupu, hata ukiwa mbele ya Kilimanjaro.

Kinachofanya hayo yawezekane ni kwamba inafokasi kuanzia sentimita 22. Umbali huo unahesabiwa kutoka kwenye kihisi ndani ya kamera, si kutoka mbele ya lenzi, na ukitoa urefu wa lenzi na sehemu ya kamera unabaki na kama sentimita 10 hivi kutoka kwenye kioo cha mbele. Sentimita 10! Mara nyingine kivuli cha lenzi yenyewe kinaangukia kile unachopiga, inabidi uzunguke.

Kitulizi cha mtikisiko, hiyo IS kwenye jina, ni jambo lililonishangaza. Canon wanasema kinaokoa stopu 4, yaani unaweza kuacha mlango wa mwanga wazi mara 16 zaidi ya kawaida kabla mkono haujaharibu picha. Ahadi za makaratasi nazipunguza kila mara, lakini chini ya miti ya Magamba nikiegemea shina na kubana pumzi napata picha kali kwa robo ya sekunde, mkononi, bila tripodi, kwa ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 200 au 400. Ile 10-22 ya zamani haina kitulizi kabisa. Kwa mtu anayetembea kwa miguu na hataki kubeba chuma begani, hili peke yake linatosha kuchagua. Upepo ukitikisa majani ni jambo jingine, IS haizuii majani, inatuliza mkono wako tu.

Kuhusu kupinda na kuvutika. Katikati ya picha vitu vinabaki na umbo lake, pembeni vinavutika kama kitambaa kilichokatwa mshazari. Kwa majani na mawe haidhuru, mara nyingine inapendeza, wingu likivutika kuelekea kona linaipa picha mwendo. Kwa watu usijaribu. Nilimweka dada yangu ukingoni mwa fremu siku tuliyokwenda naye, na hadi leo picha ile hairuhusiwi kuonyeshwa ukweni. Ukiinamisha kamera chini au kuiinua juu, miti inaegemea. Ukitaka isimame wima, shika kamera sambamba na upeo wa macho, halafu ukate sehemu usiyoitaka baadaye.

Kona zake zina giza kidogo ukiwa 10mm na kitundu cha kupitisha mwanga kikiwa wazi mpaka f/4.5. Ukifunga mpaka f/8 giza linapungua sana na ukali unakuwa mzuri mpaka karibu na kingo. Hapo f/8 ndipo ninapokaa. Nikilazimika naenda f/11. Kwenye f/16 picha nzima inaanza kulegea, mwanga unatawanyika kwa kupita kwenye tundu dogo, na hiyo haina dawa, ni tabia ya mwanga. Programu ya Canon ya kusafishia picha, Digital Photo Professional, ni ya bure na inaijua lenzi hii, inasawazisha kona na zile kingo za zambarau kwenye majani yaliyopakana na mbingu. Wasio na kompyuta ya kuiendesha wanaweza kusahihisha kwa simu pia, ila piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika, kama kadi yako ina nafasi. Msitu una weusi mzito na vipande vya mbingu vyeupe kabisa, na JPEG haikupi pa kushika.

Fokasi yake inaendeshwa na mota ya STM, laini, haina kelele. Kasoro yangu kubwa na lenzi hii iko hapo hapo: pete ya kufokasi kwa mkono haijaungana na vioo moja kwa moja. Inatuma ujumbe kwa mota, na mota ndiyo inasogeza. Kamera ikiwa imezima au imelala, unazungusha pete, hakuna kinachotokea. Wala hakuna alama za umbali juu ya lenzi, kile kidirisha cha mita 0.5, mita 1, na alama ya umbali usio na mwisho. Kwa lenzi ya mandhari hilo ni pungufu, ile 10-22 inazo.

Namna ninavyozunguka tatizo ni hii, na ni bure. Kwa milimita 10 na f/8 kwenye kihisi hiki, ukifokasi kitu kilicho umbali wa sentimita 70 hivi, kila kitu kuanzia sentimita 35 mpaka mwisho wa dunia kinakubalika kuwa kikali. Kwa hiyo naangalia jiwe au jani lililo umbali wa sentimita 70. Nina futi ya kupimia nguo shingoni hata porini, nacheka mwenyewe lakini inafaa. Nafokasi hapo kwa skrini, nakuza mara 10 kuhakikisha, naizima fokasi ya kujiendesha, napiga. Nikitaka kitu kilicho karibu zaidi ya hapo nafunga mpaka f/11 na nafokasi nusu mita. Ukishaizoea hauhitaji kidirisha, ingawa bado nakitaka.

Filta. Kioo cha mbele hakijachomoza kama jicho la samaki, kwa hiyo filta za kuzungushia zinaingia, na kipimo ni 67mm. Nyingi za washindani wake wanataka 77, na filta ya 77 ni hela nyingine. Kwa kuwa 18-55 yangu ni 58, nilinunua ringi ya chuma ya kupanda kutoka 58 kwenda 67, sasa filta zile zile zinatumika kwa lenzi zote mbili.

Filta niliyopewa na yule mtu wa Tanga ilikuwa polaraiza, na sikujua thamani yake mpaka mvua iliponikuta Magamba. Majani yaliyolowa yanang'aa meupe, yanaakisi mbingu, rangi yote inafichwa. Unazungusha polaraiza taratibu ukitazama kwenye skrini, na ule mng'ao unavuliwa, kijani kinatoka chini yake, kuvumwani ya manjano, uyoga wa rangi ya chungwa ambao hukuwa umeuona. Inakula mwanga karibu stopu mbili, ndipo IS inapolipa tena. Lakini usiipeleke kwenye mbingu ya buluu ukiwa na lenzi hii. Giza la polaraiza liko zaidi upande ulio pembe mraba na jua, na kwa kuwa lenzi inaona upana wa nyuzi 107, utapata mbingu nyeusi sehemu moja na nyeupe sehemu nyingine, doa katikati ya picha. Nimeona picha za hivyo zikisifiwa mtandaoni. Kila mtu na macho yake.

Maporomoko ya Soni mnayajua, yako njiani ukipanda kutoka Mombo, kabla hujafika Lushoto. Watu wengi wanayapiga kutoka juu barabarani kwa simu, gari likiwa linangurumisha. Mimi nashuka. Tahadhari, mawe yana utelezi na msimu wa masika mto haufai kukaribiwa, maji yanakuja mekundu kwa udongo wa mashamba na yana nguvu. Baada ya masika kuisha, maji yakishatakata, unaweza kuweka tripodi fupi kwenye mwamba, lenzi iwe juu kidogo tu ya uso wa maji. Ukiwa chini namna ile, maji yanaanza miguuni pako, yanapita upande mmoja wa jiwe, yanapanda kwa macho mpaka yanafika kwenye poromoko. Kwa filta ya giza ya stopu 3 na f/11 siku ya mawingu napata nusu sekunde mpaka sekunde moja. Napenda hapo, kwa sababu nyuzi za maji bado zinaonekana. Wanaoacha sekunde 30 wanapata pamba, na poromoko lote linakuwa kimya, wakati Soni ina kelele. Ukiwa kwenye tripodi, IS izime, na weka kamera ijipige baada ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Nikiwa nimejikunja pale siku moja, mzee mmoja aliyekuwa anavuka na mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama kunitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umedondosha nini?"

Nikamwambia sijadondosha, napiga picha. Akatazama poromoko kule mbali, akatazama jiwe mbele ya lenzi yangu. "Na mbona umeligeuzia jiwe?" Nikamwonyesha kwenye skrini. Akaitazama muda, akasema, "Hapa hapa?" Nikasema hapa hapa. Akaweka mzigo chini ili aangalie vizuri. Sina sifa nyingine ya kuiongezea lenzi hii zaidi ya hiyo.

Kuna ua moja ambalo lilinifanya nipande mabasi mpaka Muheza na kuendelea hadi Amani, upande wa Usambara Mashariki. Wazungu wanalipanda kwenye vikopo madirishani, linauzwa dunia nzima, na asili yake ni milima hii yetu na jirani zake. Wanasayansi walilipa jina la Saintpaulia, kwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huku aliyepeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892. Porini ni ua dogo, zambarau, linaota kwenye mwamba wenye kivuli na unyevu. Kila picha niliyowahi kuiona imepigwa karibu kabisa, ua na majani yake manene, nyuma kumefifia, ungeweza kudhani limepigwa kwenye kikopo huko Hamburg. Mimi nilitaka lionekane liko kwao. Kwa lenzi hii nikiwa sentimita 10 tu kutoka kwake, ua ni dogo bado, halijazi fremu, maana lenzi haikuzi kiasi hicho. Lakini mwamba wake unaonekana, maji yanayochuruzika, miti juu yake, kipande cha mbingu. Nilifurahi nikaimba njia nzima ya kurudi Muheza. Kama unataka stameni zihesabike, nunua lenzi ya makro, hii si yako.

Usiku niseme kwa ufupi. Haifai kwa nyota. Kitundu chake kikubwa ni f/4.5, na lenzi ya f/2.8 kama Tokina 11-16mm inapokea mwanga mara mbili na nusu zaidi. Unaweza kupiga, utapata kitu, lakini chenga zitakuwa nyingi. Anayeota Njia ya Maziwa atafute Tokina au Samyang 14mm, na akubali uzito.

Uzito, ndiyo. Hii ni gramu 240. Ile 10-22 ni 385, na Sigma 10-20mm ya zamani inazidi hapo. Nikipanda kutoka mjini hadi juu Magamba kwa miguu, najua tofauti. Wepesi huo umetokana na plastiki, na hata shingo yake, sehemu inayong'ang'ania kamera, ni ya plastiki. Watu wanaidharau kwa hilo. Mimi naivua na kuivaa kila nikitoka na bado haijalegea, ila siigongi wala siibebi kamera kwa kushika lenzi. Lawama yangu iko kwingine: haina mpira wa kuzuia maji pale shingoni, na huku kwetu Juni na Julai ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wenye unyevu inaota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe zenye matawi, na kuisafisha ni gharama kuliko kuinunua. Yangu inalala kwenye kontena la plastiki linalofunga kwa mpira, pamoja na vipakti vya silika ninavyovikusanya kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi lake. Mfuko wa kubebea nilishona mwenyewe kwa vipande vya godoro jembamba na kitambaa cha mwavuli, naona umezidi ile mikoba ya dukani, ila hapa najisifu.

Kingine, kofia ya kukinga jua, EW-73C, haimo kwenye boksi, Canon wanaiuza peke yake. Jua likiwa pembeni mimi natumia kiganja, kwa uangalifu, maana kwa 10mm vidole vyako vinaingia kwenye picha bila kuulizwa.

Kuna atakayeuliza, simu siku hizi ina lenzi pana, ya nini kubeba haya yote? Mchana kweupe, kwa picha ya kutuma kwenye kikundi cha familia, simu inatosha, na mimi natumia. Tatizo ni msituni. Ile lenzi pana ya simu nyingi imewekewa kihisi kidogo kuliko ile kuu, na kwenye kivuli cha Magamba inapaka majani mpaka yanakuwa uji. Nikachapisha picha kubwa ya kutundika kwenye banda langu la ushonaji, ya 700D ilisimama, ya simu niliitoa ukutani.

Nyota nne kati ya tano kwangu. Moja nimeikata kwa ajili ya ile pete isiyo na alama na shingo isiyozuia unyevu.

Ukienda kuinunua iliyotumika, beba kamera yako. Washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma, tazama kwa mbele: vumbi dogo puuza, nyuzi nyuzi za kuvu kataa hata kama bei ni ya kutupa. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, sikiliza mota. Mlio wa kukwaruza si wa kawaida yake. Bonyeza nusu ukitazama ndani ya kamera, picha inapaswa kutulia kidogo, hiyo ndiyo IS. Jaribu kufunga filta ya 67 mpaka mwisho, pete ikiwa imebonyea haitaingia, na lenzi iliyobonyea pete ilidondoka. Piga ukuta wenye matofali kwa f/8 ukiwa 10mm, tazama kona zote nne. Kona moja ikiwa imelegea kuliko nyingine tatu, vioo vimehama, iache. Ikipita yote hayo, laki nne ni bei ya haki, na chini ya hapo usiulize mara mbili. Kifuniko cha nyuma lazima kiwepo. Cha mbele kisipokuwepo, mwambie akupunguzie elfu kumi.